Ada Ndogo, Kitanda Ghali: Kuomba Chuo New York kwa Mara ya Kwanza

Katika vyuo vya miaka minne vya SUNY, yaani mtandao wa vyuo vya serikali ya jimbo la New York, ada ya masomo kwa mkazi wa jimbo imekaa kwenye dola 7,070 kwa mwaka tangu 2019. Ruzuku kamili ya Pell, ambayo serikali ya shirikisho humpa mwanafunzi wa familia yenye kipato kidogo na ambayo hairudishwi, ni dola 7,395. Ukitoa, chenji inabaki. Kwa hesabu hiyo, mtoto wa familia ya Kikongo iliyofika Buffalo, Utica au Syracuse ikitokea kambi ya Nyarugusu, Tanzania, au Nakivale, Uganda, angesoma bure, na maneno yangeishia hapo.

Hayaishii hapo, kwa sababu ada ni sehemu ndogo ya bei. SUNY yenyewe hukadiria kwamba mwanafunzi anayelala bwenini hutumia karibu dola 30,000 kwa mwaka. Ada na tozo ndogondogo za kampasi hufika kama 9,000. Chumba na chakula peke yake ni zaidi ya 16,000. Kinachobaki ni vitabu, nauli, sabuni, vocha na koti la baridi. Anayelinganisha vyuo kwa kutazama ada tu analinganisha karibu robo ya bili.

Makala haya yanaihusu familia ya aina moja: ile ambayo mtoto wa kwanza anamaliza sekondari, wazazi hawajawahi kujaza fomu ya chuo cha Marekani, na mshahara wa ghala na wa usafi wa hoteli ndio unaolipa kodi ya nyumba. Familia hiyo ina milango minne, na bei iliyoandikwa juu ya kila mlango inadanganya kwa namna yake.

Tuchukue mfano wa kufikirika. Nyumba ya watu saba upande wa magharibi wa Buffalo, kipato cha wazazi wote wawili dola 52,000 kwa mwaka, kadi za kijani mkononi, wamekaa New York zaidi ya miezi 12. Binti yao anastahili Pell kamili. Juu yake kuna TAP, ruzuku ya jimbo, ambayo kiwango chake cha juu ni dola 5,665 na ambayo hupungua kadiri kipato kinachotozwa kodi kinavyopanda. Kwa hawa tuseme atapata 3,000. Jumla ana kama 10,400 za bure.

Akisoma chuo cha SUNY kilicho mjini kwao huku akilala nyumbani, bili ya chuo ni kama 9,000. Analipa yote, anabaki na kama 1,400 za vitabu na basi. Akihamia bwenini Albany au Binghamton, bili ya chuo inapanda hadi 25,000 na ushee, na pengo linakuwa karibu 15,000 kila mwaka. Ada ni ileile, ruzuku ni zilezile. Kilichoongezeka ni kitanda na sahani.

Pengo hilo ndilo mahali pa kuanza kuzungumzia EOP.

EOP ni mpango wa fursa wa SUNY, ulioanza mwaka 1967. Arthur O. Eve, mbunge wa jimbo kutoka Buffalo, aliipigania mipango ya aina hii, na ule wa vyuo binafsi, uitwao HEOP, unabeba jina lake hadi leo. Vyuo vya jiji la New York, CUNY, vina wao, SEEK, ambao Shirley Chisholm aliupigania akiwa mbunge wa jimbo kabla hajaenda Congress. Mipango yote mitatu inamtafuta mwanafunzi mmoja: mkazi wa New York, wa familia yenye kipato kidogo, ambaye alama zake hazifiki kipimo cha kawaida cha chuo anachokiomba lakini ambaye chuo kinaamini ataweza. Humpa mambo ambayo huwezi kuyanunua ukishaanza masomo: wiki kadhaa za masomo ya kiangazi kabla ya mwaka wa kwanza, mshauri mwenye wanafunzi wachache anayemjua kwa jina, masomo ya ziada bila malipo, ruzuku ya ziada, na TAP ya mihula 10 badala ya 8.

Mihula hiyo miwili ya nyongeza watu huipuuza, nami naiona kuwa na thamani kuliko ruzuku yenyewe. Kijana aliyeanza Kiingereza akiwa na miaka 14 huenda akatumia mwaka mzima kujenga hesabu na uandishi kabla ya kugusa masomo ya shahada. Asiye kwenye mpango, TAP humwishia kwenye muhula wa nane, wakati bado ana madarasa ya kumaliza. Aliye kwenye mpango bado analipiwa.

Kipimo cha kipato hubadilika kila mwaka kwa kuwa kimefungwa kwenye mstari wa umaskini wa shirikisho, kwa asilimia 185. Kwa nyumba ya watu wanne, kikomo kimekuwa kati ya dola 55,000 na 60,000. Kwa nyumba ya watu saba kimepita 80,000. Narudia kwa makusudi, maana wapo wazazi wanaofanya kazi mbili mbili wanaojiona "wana pesa nyingi mno" na hawaombi. Nyumba zetu ni kubwa, na jedwali linahesabu vichwa. Familia inayopokea msaada wa fedha wa kaunti, na kijana aliye chini ya malezi ya serikali, hupita bila kupimwa kwa jedwali hilo.

Sasa uamuzi wenyewe unafanyika mahali padogo. Katika fomu ya maombi, iwe ya SUNY au Common App, ile fomu moja inayotumika kwa vyuo vingi, kuna swali linalouliza kama unataka kufikiriwa kwa mpango wa fursa. Anayejibu "hapana", au anayeliruka kwa sababu hakulielewa, huwa amejifungia. Mlango huo hufunguliwa wakati wa kuingia mwaka wa kwanza, na kwa kawaida haufunguliwi tena. Hata anayehama baadaye kutoka chuo kingine, EOP hutanguliza wale waliokuwa kwenye mpango kama huo kule walikotoka. Jibu ndiyo. Kusema ndiyo hakukufungi. Ukichaguliwa na hutaki, unakataa.

Kusema ndiyo huleta makaratasi, na hapo wengi huishia njiani. Ofisi ya EOP itataka ritani ya kodi ya wazazi, W-2 (karatasi ya mshahara wa mwaka kutoka kwa mwajiri), na barua za msaada wowote wa serikali. Nafasi ni chache na kampasi nyingi huzijaza kadiri faili zinavyokamilika, kwa hiyo faili lililokamilika Desemba lina uzito kuliko faili zuri zaidi la Machi. Tarehe za mwisho hutofautiana kampasi na kampasi. Na ritani ile iwe ya kweli. Katika jamii zetu kuna watengeneza kodi wanaoongeza watoto wasiokuwepo, au wanaomgawa mtoto wa dada kwenye ritani ya kaka, ili marejesho yapande. Mwezi wa pili ni sherehe. Ofisi ya misaada ya masomo inapokuja kuhesabu vichwa na kuona namba mbili tofauti, faili linasimama, na kijana hapati jibu hadi bweni limejaa.

Chuo cha jamii, kile cha miaka miwili, ndio mlango wa kwanza, na ndio ambao wazazi wengi huupenda. Erie kwa Buffalo, Monroe kwa Rochester, Onondaga kwa Syracuse, Mohawk Valley kwa Utica. Ada yake kwa mkazi ni karibu dola 5,000 hadi 6,000 kwa mwaka, na Pell kamili huifunika. Kinachobaki humrudia mwanafunzi mkononi kwa hundi au kwenye akaunti. Hundi hiyo ndiyo tangazo kubwa la chuo cha jamii katika mitaa yetu, na ndiyo pia mtego wake. Kijana wa miaka 18 aliyepata dola elfu mbili mwezi wa kumi ananunua gari, gari linataka bima, bima inataka saa za kazi, na kufika Desemba ameacha madarasa mawili. Akishuka chini ya krediti 12 si mwanafunzi wa muda wote tena, na akiacha masomo yote kabla ya sehemu kubwa ya muhula kupita, chuo kinaweza kumdai sehemu ya ile Pell.

Hata hivyo siupuuzi. Kwa anayetaka uuguzi wa miaka miwili, ufundi wa umeme au kazi za maabara, chuo cha jamii ndicho chaguo la kwanza. Baadhi yao vina EOP yao wenyewe, na hapo swali linafaa kuulizwa kabla ya kujiandikisha, si baada. Vilevile kampasi kadhaa za SUNY zimeanza kuiga ASAP, mpango wa CUNY ulioanza mwaka 2007 unaowapa wanafunzi wa miaka miwili mshauri wa karibu, vitabu na nauli kwa sharti la kusoma muda wote. Shirika la utafiti la MDRC liliupima na kukuta karibu unazidisha mara mbili idadi ya wanaomaliza ndani ya miaka mitatu. Sijaona mpango wa elimu wenye ushahidi mzuri kama huo. Chuo cha jamii chenye ASAP au EOP na chuo cha jamii kisicho na chochote ni vitu viwili tofauti, ingawa ada ni ileile.

Anayekusudia shahada ya miaka minne na kuanza na miwili ili kuokoa pesa ajiulize anaokoa nini hasa, ikiwa Pell na TAP zingelipa ada kule kwingine pia. Mara nyingi anaokoa sifuri ya ada, na anapoteza nafasi ya kuingia EOP ya chuo kikubwa akiwa mwaka wa kwanza. Akiokoa kitanda, hilo ni jambo lingine. Lakini kitanda cha nyumbani anaweza kukitumia hata akiwa University at Buffalo.

Mlango wa pili, chuo cha miaka minne cha mjini kwenu ukiwa na EOP, ndio ninaoupendekeza kwanza kwa familia nyingi. Kwa Buffalo kuna University at Buffalo na Buffalo State. Albany kuna chuo kikuu chake. Utica kuna SUNY Poly. Wa Rochester ana Brockport si mbali. Ada imelipwa na ruzuku, EOP inaongeza kidogo, na pengo la 15,000 halipo. Gharama yake iko kwingine. Nyumba yenye watoto watano si maktaba. Binti mkubwa anayelala nyumbani ndiye mkalimani wa hospitali, ndiye anayewapokea wadogo saa tisa, ndiye anayejua namba ya siri ya akaunti ya umeme. Wazazi wanaochagua njia hii ili kuokoa dola 16,000 za bweni wanapaswa kumlipa binti huyo kwa saa: wakubali kwamba saa nne za jioni, siku fulani, hayupo hata kama yupo.

Kiangazi cha EOP nacho kina bei, ingawa chuo hakitozi. Wiki nne hadi sita za Julai ambazo kijana angekuwa kazini hazina mshahara. Katika nyumba ambako mshahara wa kiangazi wa mtoto hulipa kodi ya Agosti, hilo linauma. Ukilinganisha na mwaka mmoja wa chuo uliopotea kwa kufeli hesabu, ni rahisi. Ila familia ijue mwezi wa tano, isije ikashtukia Julai.

Mlango wa tatu ni bweni la mbali. Pengo letu la 15,000 linapunguzwa na ruzuku ya EOP, ambayo hutofautiana sana kampasi na kampasi, na kazi ya kampasi inayofadhiliwa na serikali, na mkopo wa shirikisho ambao kwa mwanafunzi tegemezi wa mwaka wa kwanza hauzidi dola 5,500. Kila chuo kitakuonyesha jinsi vipande hivyo vinavyojumlishwa. Kilichobaki baada ya hapo kikizidi elfu mbili au tatu, sioni busara ya kwenda, labda fani hiyo haipo popote karibu. Kwa familia za Kiislamu, Wasomali Wabantu na wengine wanaojiepusha na riba, mkopo hauhesabiwi kabisa, na pengo ni 5,500 kubwa zaidi kuliko barua inavyodai. Waambieni ofisi ya misaada hivyo waziwazi. Mwanafunzi ana haki ya kukataa mkopo na kupokea ruzuku peke yake.

Kuna tozo moja inayowakamata wageni wa bweni na wa nyumbani kwa pamoja. Kampasi nyingi kubwa huweka bima ya afya ya wanafunzi kwenye bili moja kwa moja, na inaweza kufika maelfu ya dola kwa mwaka. Mwenye Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, ana haki ya kuiondoa kwa kujaza fomu ya mtandaoni kabla ya tarehe fulani mwanzoni mwa muhula. Asiyejaza analipa.

Mlango wa nne unatisha kwa bei. Syracuse University, University of Rochester, Cornell, vyote ni kama dola 90,000 au zaidi kwa mwaka ukijumlisha kitanda. Wazazi huona namba hiyo na kufunga kompyuta. Lakini bei hiyo ni ya mwenye uwezo. Cornell, Hamilton na Colgate huahidi kufidia uhitaji wote wa kifedha uliothibitishwa wa mwanafunzi wanayempokea, na HEOP iko katika vyuo binafsi vingi vya jimbo: Syracuse, Rochester, RIT, Le Moyne, Canisius, Skidmore, na vingine. Kwa binti yetu wa dola 52,000 na nyumba ya watu saba, barua ya chuo kinachofidia uhitaji wote inaweza kumwachia dola elfu chache tu, nyingi zikitokana na kazi yake mwenyewe ya kampasi. Hiyo ni chini ya bweni la serikali. Chuo cha dola 90,000 kinakuwa rahisi kuliko cha dola 30,000, na huo ndio upuuzi wa mfumo wa Marekani ambao inabidi kuuzoea ili kuutumia.

Si kila chuo binafsi kiko hivyo. Kile kisichoahidi kufidia uhitaji wote kinaweza kukupokea kwa mikono miwili, kikakupa "skolashipu ya Rais" ya dola 25,000 yenye cheti cha kuvutia, na bado ikabaki 20,000 kwa mwaka. Sheria ya shirikisho inakitaka kila chuo kiweke kwenye tovuti yake kikokotoo cha bei halisi. Ni bure. Jaza kipato na idadi ya watu wa nyumba, uone makadirio kabla ya kuomba.

Hapa kuna jambo ambalo washauri wa shule hawalisemi vya kutosha. Mpango wa fursa ni wa mwanafunzi ambaye hangepokelewa kwa kipimo cha kawaida cha chuo hicho, na kipimo si kimoja. Kijana mwenye wastani wa 92 anaweza kuambiwa na EOP ya chuo kimoja kwamba alama zake ni nzuri mno, akapokelewa kawaida bila ruzuku ya mpango. Wastani huohuo, Cornell au Binghamton, unamweka sawasawa katika kundi la mpango. Kwa hiyo mtoto anayefanya vizuri asiombe vyuo vya karibu tu kwa unyenyekevu. Aombe vinne vya saizi yake na viwili vilivyo juu yake, vyote vikiwa na mpango. Wa chini kidogo, mwenye 80, EOP ya kampasi za kati ndiyo iliyotengenezwa kwa ajili yake.

CUNY naitaja haraka. Ada ya miaka minne ni dola 6,930, SEEK ni mpango mzuri, lakini sehemu kubwa ya vyuo vyake havina mabweni ya maana. Bila shangazi mwenye chumba Bronx, kodi ya nyumba ya jiji inameza akiba yote.

Watu huuliza kuhusu Excelsior, ile ya "chuo bure" iliyoanza mwaka 2017 na ambayo kikomo chake cha kipato cha familia ni dola 125,000. Inalipa ada iliyobaki baada ya ruzuku nyingine, si chumba wala chakula. Familia ambayo Pell na TAP zimeshamaliza ada haipati kitu. Tena ina sharti la kukaa New York baada ya kuhitimu kwa miaka sawa na ile uliyolipiwa. Ukihama, ruzuku inageuka mkopo. Kwa watu ambao binamu yupo Iowa kwenye kiwanda cha nyama na mjomba yupo Maine, na kila Krismasi kuna mazungumzo ya kuhama, sharti hilo si dogo. Kuhama kabla ya chuo nako kuna bei: ukazi wa miezi 12 unaanza kuhesabiwa upya katika jimbo jipya.

FAFSA, fomu ya shirikisho inayofungua Pell na kufungulia TAP njia, ni bure. Anayekutoza dola mia kuijaza anauza kitu kisicho chake, na New York sasa inataka kila mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari aijaze au asaini kwamba ameikataa, kwa hiyo shule ina wajibu wa kukusaidia. Kwa kawaida hufunguliwa Oktoba mosi.

Swali linalowatesa Waswahili kwenye fomu hiyo ni la mzazi. Kwetu mama mkubwa ni mama, na kijana aliyelelewa na shangazi tangu Uvira humwandika shangazi bila kufikiri mara mbili. FAFSA haikubali. Mzazi ni aliyekuzaa au aliyekuasili kisheria. Shangazi, bibi au kaka mkubwa, hata kama amekulisha miaka kumi, haandikwi, na kipato chake hakihesabiwi. Kosa hili lina sura mbili. Linaweza kumnyima mtoto Pell kwa kipato cha mtu ambaye sheria haimhusishi, na linaweza kumficha kuwa yeye ni wa kujitegemea. Aliyefiwa na wazazi wote wawili, ambaye wakati wowote tangu alipofika miaka 13 hakuwa na mzazi aliye hai, wa kumzaa wala wa kumuasili, ni wa kujitegemea kwa FAFSA. Vivyo hivyo aliyewekwa na mahakama chini ya mlezi halali. Na sheria mpya ya FAFSA inataja waziwazi hali ya mtu aliyepewa hadhi ya mkimbizi au hifadhi, aliyetengana na wazazi wake, kuwa sababu ambayo ofisi ya chuo inaweza kuikubali ili imhesabu kuwa wa kujitegemea. Neno ni "inaweza". Kijana aende na barua ya mtu anayeijua hali yake, kama mshauri wa shule, mchungaji, imamu au mfanyakazi wa shirika la makazi mapya, na nakala ya karatasi za kuingilia. Masharti ya uhamiaji yanayohusu misaada hubadilika. Mwenye kadi ya kijani yuko salama, na mwingine aulize ofisi ya chuo kabla ya kukata tamaa au kudanganya.

Ada ya kuomba ni jambo dogo lililokuzwa. SUNY hutoza dola 50 kwa kila kampasi, lakini anayestahili EOP kwa kipato husamehewa kampasi saba. Katika miaka ya karibuni SUNY imekuwa na wiki mbili hivi zinazoanza Oktoba ambazo kila mtu anaomba bila malipo hadi kampasi tano. Vyuo binafsi kwenye Common App huachia ada kwa mwanafunzi anayekula chakula cha mchana cha bure shuleni, mshauri akithibitisha. Familia ya kipato tulichokitaja isilipe hata senti.

Insha ya maombi haina bei, ila inagharimu usingizi. Naona vijana wakihimizwa kuuza kambi: hema, njaa, mvua ya Kigoma. Kambi iwepo kama ilikuwepo. Lakini msomaji wa ofisi ya EOP anatafuta dalili kwamba utamaliza, na anayeeleza jinsi alivyomtafsiria mama yake kwa daktari huku akimaliza mtihani wa jimbo wa Regents wa aljebra ameonyesha dalili hiyo. Kiswahili chenyewe pia ni mali. Jimbo hutoa Muhuri wa Lugha Mbili kwenye cheti cha sekondari kwa anayethibitisha ujuzi wa lugha mbili, na vyuo kadhaa hukubali mtihani wa Kiswahili kutimiza sharti la lugha ya kigeni, jambo linaloweza kukuepusha na madarasa mawili au matatu ya kulipia.

Barua za misaada zitafika kati ya Februari na Aprili, na kila chuo huandika yake kwa lugha yake. Chukua kalamu ufute mikopo yote na kazi ya kampasi. Kilichobaki ni ruzuku. Kitoe kwenye bei yote, kitanda kikiwemo, si kwenye ada. Namba inayotoka ndiyo ya kulinganisha. Kama chuo ukipendacho kimezidi kingine kwa elfu tatu, andika barua ya heshima ukiambatanisha ofa ya kile kingine na habari yoyote mpya ya nyumbani: baba kapunguziwa saa, bibi kafika kutoka kambini na sasa nyumba ni ya watu wanane. Ofisi za misaada zina utaratibu wa kukata rufaa, na anayeutumia kwa adabu hapotezi nafasi yake. Tarehe ya kuamua kwa vyuo vingi ni Mei mosi, na amana ya kushikilia nafasi inaweza kuahirishwa kwa mwanafunzi wa mpango wa fursa, akiuliza.

Na mama wa binti huyu, ambaye ameyasoma makaratasi yote haya jikoni usiku? Kama ana miaka kati ya 25 na 55 na hana shahada, tangu vuli ya 2025 vyuo vya jamii vya SUNY na CUNY vinampa nafasi ya kusoma bila ada, bila tozo na vitabu vikilipiwa, katika fani zenye upungufu wa watu kama uuguzi, ualimu na teknolojia. Mpango unaitwa Reconnect. Fomu ya kwanza ni FAFSA ileile.